Kiungo Chenye Sahihi Si Lazima Kiwe Kiungo Sahihi

Utangulizi

Neno "sahihi" katika lugha yetu lina maana mbili. Likiwa nomino, ni alama ambayo mtu huitia kwenye hati ili kuthibitisha kwamba hati hiyo imetoka kwake. Likiwa kivumishi, ni kitu kilicho sawa, kisicho na kosa. Maana hizi zimeishi pamoja kwa muda mrefu hata tumeelekea kuamini kwamba kila kilichotiwa sahihi kimekwisha kuwa sahihi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo, ikihamishiwa kwenye tovuti tunamoweka majarida, tasnifu na rekodi zetu za Kiswahili, inatuletea hasara. Hoja yangu ni moja: faili iliyokusudiwa kusomwa na umma isipewe kiungo chenye sahihi. Kufanya hivyo ni kumtoza msomaji gharama ya ulinzi ambao haupo.

Huenda msomaji akauliza jambo hili la mafundi wa tarakilishi limeingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba vyama vyetu sasa vina tovuti. Wanaozijenga aghalabu ni wanafunzi wa kujitolea, na wanaozisoma ni wanafunzi wenzao. Mwanafunzi aliyepanga chumba Kangemi au upande wa Loresho, karibu na Bewa la Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi, husoma makala kwenye simu yake kwa bando la siku, kama vile anavyonunua sukuma wiki ya kupikwa jioni hiyo hiyo. Megabaiti inayopotea ni shilingi inayopotea. Kwa hiyo namna tovuti inavyoandika viungo vyake ni suala la nani anasoma Kiswahili na nani anakata tamaa kabla ukurasa haujafunguka. Hilo ni letu, si la mafundi peke yao.

Sahihi ya kiungo ni kitu gani?

Faili za tovuti nyingi siku hizi hazikai katika tarakilishi ya chuo. Hukaa katika maghala ya kukodi ya kampuni kubwa, kama lile la Amazon liitwalo S3, lililofunguliwa Machi 2006. Ghala la namna hiyo laweza kufungwa au kufunguliwa. Likifungwa, mtu hawezi kusoma faili isipokuwa amepewa kiungo maalumu. Kiungo hicho ni anwani ya kawaida ya faili, kisha alama ya kuuliza, kisha mkia mrefu wa herufi na tarakimu. Ndani ya mkia mna wakati kiungo kilipotengenezwa, muda kitakaodumu, na sahihi yenyewe, ambayo imekokotolewa kwa ufunguo wa siri anaoujua mwenye ghala. Mtu akibadilisha hata herufi moja, sahihi hukataliwa. Muda ukiisha, hukataliwa vilevile. Kwa utaratibu unaotumika sasa katika S3, kiungo cha aina hii hakiwezi kudumu zaidi ya siku 7.

Huu ni uvumbuzi mzuri. Mwalimu anayetaka mwanafunzi mmoja tu asome maoni ya msimamizi kuhusu tasnifu yake anaweza kumpa kiungo kitakachokufa baada ya nusu saa. Sina ugomvi na matumizi hayo. Ugomvi wangu ni pale sahihi inapotiwa kwenye vitu ambavyo havina siri yoyote: nembo ya chama, picha ya jalada, herufi za maandishi, na makala ambazo tumezichapisha tukitamani zisomwe kuanzia Loresho hadi Lubumbashi.

Kwa nini basi hutiwa? Mara nyingi hakuna aliyeamua. Wajenzi wa tovuti wanaotumia Django, kwa mfano, hutegemea programu saidizi iitwayo django-storages ili kuunganisha tovuti na ghala. Programu hiyo, isipoelekezwa vinginevyo, hutia sahihi kila kiungo cha S3 na kukipa uhai wa sekunde 3,600, yaani saa moja. Mjenzi hufungua ghala lake kwa umma, akasahau kwamba programu ingali inatia sahihi. Tovuti inafanya kazi, picha zinaonekana, naye anaenda zake.

Kupiga hodi barazani

Waswahili tuna adabu ya hodi. Hodi hupigwa mlangoni kwa sababu ndani mna faragha ya watu. Barazani hakuna anayepiga hodi, kwa kuwa baraza limejengwa nje makusudi ili mpita njia aketi, anywe kahawa na asikilize habari. Mwenye nyumba angemtaka kila anayeketi barazani aoneshe cheti, tena cheti kinachobadilishwa kila saa, majirani wangemshangaa.

Hali ya faili ya umma yenye kiungo cha sahihi ni ya ajabu kuliko hiyo. Chukua kiungo kama hicho katika ghala la S3 lililo wazi, ukate mkia wote kuanzia alama ya kuuliza, kisha ufungue anwani iliyobaki. Faili itafunguka. Sasa urudishe mkia baada ya muda wake kuisha. Faili itakataliwa. Maana yake ni kwamba mgeni asiye na cheti chochote anakaribishwa, bali mgeni mwenye cheti kilichopitwa na wakati anafukuzwa. Sahihi haimzuii mtu mbaya hata mmoja, ila inamzuia msomaji mwema aliyechelewa. Ulinzi wa namna hii hauna faida ya kuwekwa kwenye mizani dhidi ya gharama. Kilichobaki ni gharama tupu.

Gharama inayolipwa na msomaji

Kivinjari cha simu kina akiba yake. Kikisha kupakua picha ya jalada leo, huiweka, na kesho ukurasa ukiitaka tena hutoa nakala ile ile bila kuigharimia upya. Lakini kivinjari huitambua nakala kwa anwani yake nzima, pamoja na mkia. Tovuti ikitia sahihi mpya kila ukurasa unapotayarishwa, picha ya leo na ya kesho huwa na anwani mbili tofauti, ingawa ni picha moja. Kivinjari hakina namna ya kujua. Huipakua tena, na kesho kutwa tena.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Tuseme picha, herufi na mitindo ya ukurasa wa mwanzo wa jarida ina uzito wa megabaiti 2. Mwanafunzi anaufungua mara 5 kwa juma katika muhula wa majuma 14, jumla mara 70. Kwa viungo vya kawaida atapakua megabaiti 2 mara moja, na baada ya hapo atabeba maandishi mapya tu. Kwa viungo vya sahihi atapakua megabaiti 140. Wakiwa wasomaji 300, mzigo ni megabaiti 42,000 badala ya 600. Ghala la kukodi nalo humtoza mwenye tovuti kwa kila kinachopakuliwa, kwa hiyo chama kinalipa upande wake kwa shehena ile ile ambayo mwanafunzi ameilipia upande wake.

Ukurasa wenyewe pia huambukizwa maradhi haya. Ukurasa unaobeba viungo vya saa moja hauwezi kuwekwa akibani kwa siku nzima, kwani msomaji wa jioni ataletewa maandishi yenye mashimo mahali pa picha. Hivyo seva hulazimika kuuandaa upya mara kwa mara hata kama hakuna neno lililobadilika.

Je, kutia sahihi kwenyewe kuna gharama? Hapa inafaa tuwe waadilifu. Hisabati ya sahihi moja ni ya kufumba na kufumbua, na anayedai kwamba hiyo ndiyo inayoidhoofisha tovuti anatia chumvi. Walakini kuna hali mbili za kuangaliwa. Ya kwanza ni kurasa ndefu, kama orodha ya makala zote za jarida tangu lianze, ambapo sahihi mamia hukokotolewa kabla ya msomaji kuona herufi ya kwanza. Ya pili ni mipango ambayo seva ya tovuti haishiki ufunguo wenyewe, bali huomba kila sahihi kutoka kwa huduma nyingine kupitia mtandao. Hapo viungo 30 vinaweza kuwa safari 30, na kungoja kwake huonekana kwa macho.

Tulipigania njia fupi

Wakenya tunayo historia inayopasa kutufunza katika jambo hili. Kabla ya mwaka 2000, barua pepe iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, labda mitaa miwili kutoka hapo, ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, kisha ikarudi. Watoa huduma, chini ya chama chao cha TESPOK, walianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano hapa hapa Nairobi, KIXP, Novemba 2000. Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe muda mfupi baada ya kuanza. Ilihitajika mivutano ya zaidi ya mwaka hadi kikafunguliwa tena mwaka 2002. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za Seacom na TEAMS zikafika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010.

Shabaha ya juhudi zote hizo ilikuwa kufupisha njia. Umbali una sheria zake ambazo hata kampuni tajiri haiwezi kuzivunja. Toka Nairobi hadi London ni kilomita 6,800 hivi kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, basi kwenda na kurudi mara moja hakupungui milisekunde 68. Njia ya kweli haikunyooka, kwa kuwa hushuka Mombasa, ikapita Bahari ya Shamu, Misri na Mediterania. Tena ukurasa mmoja huhitaji safari nyingi. Ndiyo sababu kampuni zinazosambaza nakala za tovuti zimeweka seva zao Nairobi na Mombasa: msomaji wa kwanza huiagiza faili kutoka mbali, na wa pili hadi wa elfu hupewa nakala iliyo karibu.

Seva hizo za karibu nazo, zisipoelekezwa vinginevyo, huitambua faili kwa anwani yake pamoja na mkia. Viungo vikiwa na sahihi tofauti kwa kila msomaji, kila msomaji anakuwa wa kwanza. Nakala iliyowekwa Nairobi haimfai mtu, na ombi la mwanafunzi wa Loresho linasafirishwa hadi ghala la ng'ambo kana kwamba tumerudi mwaka 1999. Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na kwa majirani zetu kadhaa. Siku kama hizo nakala iliyo nyumbani ndiyo akiba isiyooza. Tovuti yenye viungo vya sahihi imeikataa akiba hiyo kwa hiari yake.

Gharama kwa taaluma

Hasara niliyoitaja hadi sasa ni ya fedha na muda. Kwetu sisi wa fani ya lugha ipo nyingine, pengine kubwa zaidi. Taaluma husimama juu ya marejeleo. Mwandishi akisema kwamba hoja fulani iko katika makala fulani, msomaji lazima aweze kwenda kuihakikisha. Kiungo kinachokufa baada ya saa moja hakiwezi kuwa rejeleo. Nimewahi kunakili anwani ya makala ya isimujamii kutoka tovuti ya jarida moja, ambalo sina haja ya kulitaja, na kuiweka katika pendekezo la utafiti. Msimamizi alipoifungua juma lililofuata aliambiwa kwamba muda wa ombi umekwisha. Makala ilikuwapo, ilikuwa ya bure, na wahariri walitaka isomwe. Kilichokuwa kimekufa ni mkia wake.

Mitambo ya kutafuta habari hukumbwa na tatizo hilo hilo. Huokota kiungo leo, na kesho ikirudi hukikuta kimekufa. Wahifadhi wa mtandao, kama Internet Archive iliyoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi ukurasa ambao viungo vyake vitakuwa vimekwisha muda kabla ya mtu yeyote kuuhitaji. Tunalalamika kila mara kwamba maandishi ya Kiswahili ni machache mtandaoni. Yale machache tuliyo nayo tusiyafanye yaonekane kama hayapo.

Hoja za upande wa pili

Ipo hoja kwamba sahihi huzuia watu wengine wasitumie picha zetu katika tovuti zao huku sisi tukilipa gharama. Hoja hii ina uzito pale ghala linapokuwa limefungwa. Ghala likiwa wazi haina, kwa maana mwizi atakata mkia na kuendelea na shughuli zake. Anayeogopa gharama hizo atapata nafuu zaidi kwa seva za nakala na kwa kuweka kikomo cha matumizi.

Ipo hoja ya pili, kwamba ni salama zaidi kutia sahihi kila kitu kuliko kuwaachia wanafunzi wa kujitolea kuamua kipi ni cha siri. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na sitaipuuza. Alama za mitihani, barua za nidhamu na rekodi za watafitiwa zikivuja, madhara yake ni makubwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeyawekea adhabu. Ila dawa ya hofu hiyo ni kutenga maghala mawili. La kwanza liwe la umma, lisitiwe kitu chochote ambacho hakingeweza kubandikwa ukutani. La pili liwe la faragha, lifungwe kabisa, na viungo vyake vyote vitiwe sahihi za muda mfupi. Kuchanganya vitu vyote katika ghala moja, kisha kutumaini kwamba mkia wa anwani utatenganisha siri na tangazo, ndiko kunakoleta hatari yenyewe.

Wengine watasema tatizo hili ni dogo na simu zinazidi kuwa na kasi. Kasi ya Westlands si kasi ya Lodwar. Na hata ingekuwa moja, kuwa na maji mengi hakujapata kuwa sababu ya kuacha mfereji ukivuja.

Mfano ulio karibu nasi

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwenendo mwema. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao yake Kabete, si mbali na Loresho, huweka machapisho yake katika hazina ya CGSpace. Kila chapisho hupewa nambari ya kudumu inayoanza na 10568. Hazina ya Chuo Kikuu cha Nairobi nayo ina nambari zake, zinazoanza na 11295. Hazina zote mbili zimejengwa juu ya DSpace, programu iliyotolewa mwaka 2002 na maktaba za chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Wazo lake ni rahisi: faili inaweza kuhamishwa kutoka ghala moja hadi jingine, lakini nambari aliyoiandika mtafiti katika tasnifu yake itaendelea kumfikisha. Watafiti wa mifugo wamezoea kunukuu nambari hizo. Sioni sababu ya mtafiti wa nahau za Kimvita au wa ngano za Wapokomo kustahili anwani ya saa moja.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo manne. Kwanza, picha, herufi na mitindo ya tovuti zetu zipewe anwani zisizo na sahihi, na ziruhusiwe kukaa akibani mwaka mzima. Faili ikibadilika, ibadilishwe jina, na vivinjari vitaichukua mpya. Pili, kila makala iliyochapishwa ipewe anwani moja ya kudumu, na anwani hiyo iandikwe ndani ya makala yenyewe. Tatu, sahihi zibaki kwa vitu vya faragha tu, katika ghala lake la peke yake. Nne, pale ambapo sahihi haiepukiki kwa kitu kinachosomwa na wengi, wakati unaoandikwa katika mkia ukadiriwe kwa saa au siku nzima, ili wasomaji wote wa kipindi hicho wapate anwani moja na akiba iweze kufanya kazi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba sahihi kwenye faili ya umma haimlindi mtu, humpokonya msomaji akiba yake, hurefusha njia ambayo nchi hii iligharimika kuifupisha, na huua marejeleo ya wanataaluma. Marekebisho yake hayahitaji ufadhili. Kwa tovuti nyingi ni mstari mmoja wa mpangilio kubadilishwa, na siku moja ya kutenga faili za umma na za faragha.

Ninawaomba wahariri na mafundi wa vyama vyetu wafanye jaribio dogo kabla ya toleo lijalo. Wafungue tovuti yao, wanakili kiungo cha picha ya jalada, na watazame kama kina alama ya kuuliza inayofuatwa na maneno kama Signature na Expires. Wakiyaona, wakate mkia na kufungua anwani iliyobaki. Faili ikifunguka, basi wajue kwamba wamekuwa wakidai hodi kwenye baraza lao wenyewe, na waliokuwa wakilipia hodi hiyo ni wanafunzi.